Sifa za Springi Inayotosha

Hewa ya Nakuru ni nyepesi. Mji umekaa kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hufika hapa ikiwa imeacha njiani karibu moja ya tano ya nguvu zake, na ukipanda nayo hadi Molo na Mau Summit inaacha nyingine tena. Ndiyo sababu wapenda mbio wa huku, wenye Corolla za zamani na Datsun za kurithi, hutamani kamshafti kali. Hoja yao ni ya haki: kama kila mvuto unaleta hewa kidogo, basi injini na ivute mara nyingi zaidi kwa dakika, vali zifunguke kwa kina zaidi na zikae wazi kwa muda mrefu zaidi.

Kamshafti ikishanunuliwa, gereji nzima huizungumzia. Hupitishwa mkono kwa mkono, pua zake hupapaswa, picha hupigwa. Springi za vali huja kwenye mfuko wa plastiki na hakuna anayeomba azishike. Mimi nataka kumsifu fundi anayeanza na mfuko huo.

Kamu inajua kusukuma tu. Huisukuma vali ikafunguka, na kazi yake imeishia hapo. Kuirudisha ni jukumu la springi. Injini inapozunguka mara 7,200 kwa dakika, kamshafti inazunguka nusu ya hapo, na kila vali inafunguka na kufunga mara 60 kwa sekunde moja. Katika kila mara hiyo, pua ya kamu inapopita, vali pamoja na tapeti, koleti na kisahani kinachoibana springi vinataka kuendelea mbele kwa mwendo viliopewa. Springi ndiyo inayovigeuza. Ikishindwa, tapeti huachana na kamu, vali huelea, kisha huangukia kiti chake kwa kishindo na kudunda. Mlio wa injini hukatika, nguvu hupotea, na siku mbaya vali hukutana na pistoni inayopanda. Hapo hesabu inayofuata ni ya silinda hedi nyingine.

Sasa mteja husema, "Fundi, niwekee zile ngumu kabisa." Fundi mzuri humuuliza, "Utaizungusha mpaka ngapi, kijana wangu?" Swali hilo ndilo mlango wa kazi yote, kwa kuwa nguvu inayohitajika kuigeuza vali haipandi sambamba na mizunguko, inapanda kwa kipeo chake cha pili. Ukitoka 6,000 kwenda 7,500 umeongeza mizunguko kwa robo, lakini springi inadaiwa nyongeza ya zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ikidaiwa mwanzo. Anayesikia hivyo huhitimisha haraka kwamba ngumu zaidi ndiyo salama zaidi, na hapo ndipo ninapoona tofauti ya fundi na muuza vipuri. Kila kilo unayoiongeza kwenye springi inabebwa na pua ya kamu na uso wa tapeti, mahali ambapo chuma kinasugua chuma na katikati pana utando mwembamba wa oili. Springi iliyopita kiasi hula kamu mpya, huvuta cheni ya taiming, huongeza joto, na nguvu yenyewe uliyoitafuta unaanza kuilipa tena kama ushuru wa msuguano. Kwenye injini za tapeti bapa, kamu huweza kuharibika katika dakika 20 za kwanza za maisha yake. Mafundi waangalifu wenye springi pacha, moja ndani ya nyingine, huitoa ile ya ndani wakati wa kuizoesha kamu, kisha huirudisha. Springi bora ni ile laini kuliko zote zinazotosha, na kuipata kunahitaji akili kuliko kupata iliyo ngumu kuliko zote.

Njia ya pili ni kupunguza kinachogeuzwa. Hapa ndipo kile kisahani kidogo kinapopata heshima yake. Kisahani cha titani chenye umbo lile lile la cha chuma kina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya uzito wa kile cha chuma. Gramu hizo chache, mara 60 kwa sekunde, zinaipunguzia springi deni. Zipo pia springi zinazosinyaa kuelekea juu, ambazo huhitaji kisahani kidogo zaidi, na mizingo yake ya juu yenyewe ni myepesi. Kwa gari la barabarani ningechagua hizo, pamoja na kisahani cha chuma kizuri, bila kusita. Titani inataka kuangaliwa: springi hukitafuna kisahani pale inapokalia, na vumbi laini la Soysambu na Elmenteita, mahali ambapo Safari Rally imepita tangu irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, halina huruma kwa kitu chochote kinachosuguana.

Ukubwa wa deni hutegemea pia umbo la injini. Peugeot 404 iliyoshinda Safari mara nne, mwaka wa 1963 na kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, kamshafti yake ilikaa chini ubavuni mwa injini, ikizisukuma vali kupitia fimbo ndefu na roka. Volvo PV544 ya Joginder Singh, mwana wa Kericho aliyeshinda mwaka wa 1965, ilikuwa hivyo hivyo. Springi ya injini ya namna hiyo hurudisha ukoo mzima wa vyuma. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka wa 1971 na tena 1973 akiwa nayo Shekhar Mehta, ina kamshafti juu ya silinda hedi, basi kinachogeuzwa ni kidogo na mizunguko inaruhusiwa kupanda.

Na kila springi ina sauti yake ya asili, kama uzi wa gitaa la benga. Kamu ikiipiga kwa mapigo yanayolingana na sauti hiyo, mizingo huanza kutikisika yenyewe kwa yenyewe, springi ikasahau kazi ya kusukuma. Ndiyo maana springi pacha hubanwa kidogo zisuguane, mtikisiko ufe, na ile ya ndani husokotwa kinyume cha ya nje ili mizingo isiingiliane ikanasana.

Kipimo ndicho sehemu ninayoipenda zaidi. Fundi huipanga vali kwenye hedi, kisahani na koleti mahali pake, na kupima urefu wa springi ikiwa imekaa. Tuseme ni milimita 36. Kamu mpya inainua vali milimita 9.5. Springi ikibanwa kabisa mpaka mizingo igusane ina milimita 25. Kilichobaki ni 1.5, nacho kinatosha. Kingekuwa nusu milimita angekataa, hata kama mteja ameshalipa. Kisha hupima kama kisahani kitaigonga sili ya vali kikishuka. Huweka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, huzungusha injini kwa mkono, hufungua na kuukata udongo kwa wembe aone vali imekaribia kiasi gani. Asiye na mashine ya kupima springi huiweka juu ya mizani ya kupimia watu, chini ya mashine ya kutobolea, akaibana hadi urefu anaoutaka na kusoma kilo. Springi iliyo pungufu huongezewa washa nyembamba chini yake mpaka zote zilingane.

Fundi wa Bonde la Ufa ana jambo moja zaidi la kufikiria, nalo ni mteremko. Kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa, dereva anayeshikilia gari kwa gia ndogo anaendeshewa injini na magurudumu. Kidhibiti cha mizunguko hukata petroli, lakini petroli si inayozungusha injini wakati huo. Kosa moja la gia, sindano inapita pale springi ilipohesabiwa. Kwenye mbio hutokea vilevile gari linaporuka tuta na magurudumu kukosa ardhi. Kwa hiyo aliyeambiwa 7,200 hupiga hesabu ya 7,700 hivi, na nyongeza hiyo huitafuta kwanza kwenye uzito wa kisahani kabla ya ugumu wa springi.

Gari likirudi kutoka mbioni, springi hutolewa na kupimwa tena kwa urefu ule ule, na namba mpya huandikwa kando ya zile za mwanzo. Springi zote hulegea kidogo zikiisha kuzoea joto, kisha hutulia. Inayoendelea kushuka inakaribia kuvunjika, na fundi ninayemsifu haibadilishi hiyo peke yake, hubadilisha zote.