Jirani wa Juu ya Mfereji

Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, hunikera mahali pamoja: mwisho. Wajumbe sita wametumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Karama anawatetea siku baada ya siku, mfalme anasikia, wanafunguliwa. Basi. Kana kwamba kilichokosekana ni mfalme kuelewa tu.

Nimekulia Kirua Vunjo. Huku hakuna asiyejua mfereji unavyotakiwa uende: kila mtu na zamu yake, na siku ya msaragambo kila nyumba itoe mtu wa kuzoa tope. Wazee waliyapanga hayo kabla Wajerumani hawajafika. Lakini mwenye kihamba cha juu akishanyweshea migomba yake, tope la huku chini halimhusu. Kwenye msaragambo humwoni, kanisani utamwona. Si mjinga, wala si Majivuno, yule mshitaki wa Karama. Ni jirani, na mbege anakukaribisha.

Huyu Shaaban Robert hakumwandika. Majivuno anajibiwa kwa hoja. Jirani wa juu nimjibu nini, wakati mimi nami nina jirani wa chini?