Kanusho la "Must" kwa Msemaji wa Kihispania

Vitabu vingi vinavyowafundisha Kiingereza wasemaji wa Kihispania hufungua mlango wa vitenzi visaidizi kwa jedwali: "can" ni "poder", "must" ni "tener que" au "deber", basi. Jedwali hilo lafaa kwa kuanzia, lakini kwa maoni yangu ndilo chanzo cha makosa ambayo walimu huyahesabu kuwa ni uvivu wa mwanafunzi.

Tofauti ya umbo yaonekana upesi. "Poder" hubadilika kwa nafsi na nyakati: "puedo", "puedes", "podré". "Can" haipokei alama ya nafsi, wala haina kitenzi-jina. Kwa hiyo mwanafunzi husema "he cans", akasahihishwa, yakaisha.

Linalodhuru ni kanusho, kwa kuwa hakuna alisikiaye kuwa ni kosa. "Tienes que ir" na "you must go" zakaribiana sana. Zikanushe: "no tienes que ir" yaondoa sharti, na mtu yu huru kwenda au kubaki, "you must not go" yakataza. Kanusho la Kihispania hapa laangukia sharti lenyewe, la Kiingereza laangukia kule kwenda. Muuguzi aliyekariri jedwali atamwambia mgonjwa "you must not take this medicine", akikusudia kwamba si lazima ainywe, naye mgonjwa ataiacha akidhani amekatazwa. Alipaswa kusema "you do not have to". Tena "no debes ir" huonya au hukataza. Yaani maneno mawili ya Kihispania yaliyowekwa mstari mmoja huachana mara yanapokanushwa, na jedwali halisemi neno. Sisi hatupotei hapa, maana "si lazima uende" na "usiende" hazifanani hata kwa sura.

Katika kukisia mambo hugeuka tena. "Debe de estar en casa" ni "he must be at home", sawa na sisi tusemapo "lazima yuko nyumbani". Lakini kinyume chake kwa Kiingereza huwa "he can't be at home": "must" yajiondoa, "can" yashika nafasi yake. Jedwali lililotenga "can" na "must" katika mistari miwili halina mahali pa kuliandika jambo hili. Ningependa kuona kitabu kinachoanza na sentensi za kukanusha, kisha ndipo kirudi kwenye za kukubali.