Sifa za Viunganishi

Miongoni mwa mazoezi yanayotolewa katika darasa la Kiingereza la kidato cha kwanza, hapana lililo dogo kwa umbo, wala lililodharauliwa zaidi kwa udogo wake, kuliko lile ambalo mwalimu huandika ubaoni sentensi mbili fupi, akaweka kando yake neno moja ndani ya mabano, kisha akaamrisha sentensi hizo zifanywe moja kwa neno hilo. Wengi hulihesabu kuwa jambo la sarufi tu, la kupatiwa alama na kusahauliwa. Na utungaji wa hadithi, ambao huja katika kipindi kingine cha siku nyingine, huuhesabu kuwa jambo la mbali, la wale waliojaliwa kipaji. Mimi naona kwamba mambo mawili haya ni jambo moja, kwamba hadithi huzaliwa pale pale katika neno la mabano, na kwamba mwalimu ajuaye kuyafunza pamoja ameshika fani yenye heshima kubwa, nayo haijapata bado sifa inayoistahili.

Natuchukue sentensi mbili zilizo nyepesi kabisa. Mvua ilinyesha. Juma alikwenda sokoni. Mpe mwanafunzi neno *and*, naye atakuletea mvua na Juma wamekaa pamoja bila ya kujuana. Ni habari ya kweli, lakini hapana mtu atakayeuliza kilichofuata. Mpe *although*, na mara Juma amekuwa mtu mwenye azma: liko jambo huko sokoni lenye uzito kuliko kulowa, na msomaji hatatulia mpaka alijue. Mpe *because*, na Juma amegeuka kuwa mwingine kabisa. Labda ni mwuza miavuli, labda ni mkulima aliyekuwa akitazama mawingu tangu mwanzo wa mwezi, naye sasa anakimbilia mbegu kabla wenzake hawajazimaliza. Mpe *before*, na nguo zilizoanikwa uani zimeachwa bila ya mwangalizi. Mpe *while*, na fikira zetu zinarudi nyumbani, kwa maana mvua inanyesha kule ilhali mwenye nyumba yuko mbali, na lolote laweza kutukia. Mpe *so that*, ukimruhusu kubadili kitenzi kidogo, nawe utashangaa: Juma sasa anakwenda sokoni ili mvua inyeshe, ametumwa na wazee kununua kitambaa cheusi cha tambiko, na kijiji kizima chenye kiu kinangoja kurudi kwake. Mvua ni ile ile, Juma ni yule yule, soko halikuhama. Lililobadilika ni neno moja lisilokuwa na rangi, harufu wala uzito, na kwa ajili yake tumepata watu sita wenye dhamiri sita.

Mwandishi E. M. Forster wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927 kwa jina la *Aspects of the Novel*, aliipambanua hadithi na msuko kwa mfano wa vifo vya mfalme na malkia: maadamu tumeambiwa tu kwamba mmoja alitangulia na wa pili akafuata, tuna mfuatano wa wakati, tukiambiwa kwamba wa pili alikufa kwa huzuni ya wa kwanza, tumepata msuko, kwa sababu tumepata sababu. Mihadhara ile ilitolewa kwa wasomi wa chuo kikuu. Mtoto wa miaka kumi na minne, anayeng'ang'ana na *and* na *because* katika dawati la watu watatu, anaufikia ukweli ule ule kwa njia ya mkono, pasipo kulisikia jina la mhadhiri.

Yafaa tumfahamu vyema mtoto huyo. Katika skuli nyingi za serikali za Tanzania Bara amesoma darasa zote za msingi kwa Kiswahili, na akiingia sekondari hukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache, limegeuka Kiingereza. Anapoandika hadithi yake ya kwanza katika lugha hiyo, kila tukio hulifunga kwa *and then*, na tukio la pili kwa *and then*, mpaka ukurasa unakwisha. Na mwalimu asiye na insafu humwandikia kwa wino mwekundu kwamba hana ujuzi wa kuunganisha. Hilo si kweli. Mtoto huyu amekulia katika lugha ambayo sehemu kubwa ya kuunganisha hufanyika ndani ya kitenzi: husema *akaenda, akakuta, akarudi*, na kiungo cha *ka* humfululizia hadithi pasipo neno la pembeni, husema *akija, angekuja, ajapokuja, alipokuja*, na sharti, dhana, upinzani na wakati vyote vimetiwa katika silabi moja au mbili zilizo kati ya nafsi na shina. Anatafuta mahali pa kuiweka *ka* yake katika lugha isiyokuwa nayo, na *and then* ndiyo iliyo karibu. Kinachotakiwa ni kumwonyesha kwamba lile alilolitenda tangu utotoni bila ya kulifikiri, sasa yampasa kulitoa nje, kulitazama, na kulichagua kwa makusudi miongoni mwa mengine. Atakayeonyeshwa hivyo atakijua Kiingereza, na fauka ya hayo atakijua Kiswahili chake kwa namna ambayo hakukijua kabla.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Katika vyuo na madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja, ambako wanafunzi wa nahau walianza na *Ajurrumiyya*, matini fupi ya Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, mlango wa atfu ulihesabu herufi kumi za kuunganishia, nazo zilihifadhiwa kwa moyo kabla ya kufahamika. Walimu waliozifafanua hawakutosheka na hesabu. Walifunza kwamba *wa* hukutanisha vitu viwili pasipo kusema kipi kilitangulia. Kwamba *fa* hufuatanisha bila ya kuchelewa. Na kwamba *thumma* hufuatanisha lakini huacha muda katikati. Tazama usahihi ulioje: namna tatu za kusema kwamba jambo lilikuja pamoja na jambo, na kila moja ina dai lake juu ya ukweli. Na katika kumi zile zimo *au, ama, bali, lakini* na *hata*, ambazo Mswahili wa leo huzitumia sokoni pasipo kukumbuka kwamba zilifika na wageni. Lugha yetu ilipokaribisha maneno ya Kiarabu haikuchukua majina ya vitu peke yake. Ilichukua pia viungo vya fikira, na ikavitia mahali pao kando ya *ka* na *ki* vilivyokuwapo.

Sasa nieleze namna ustadi huu unavyofanya kazi mikononi mwa mwalimu hodari, kwa kuwa hapo ndipo sifa zangu zinapoelekea. Darasa lake lina wanafunzi wengi na vitabu vichache, lakini zoezi hili halitaki zaidi ya chaki. Huandika sentensi zake mbili, kisha hugawa maneno: dawati hili *although*, lile *until*, la nyuma *unless*. Kila dawati huunganisha, na baada ya kuunganisha huendelea kwa sentensi tano nyingine, kwa sharti kwamba zote zilitii neno lililotangulia. Halafu husomwa kwa sauti, na darasa ndilo huwa kadhi. Dawati la *although* limeahidi kizuizi na nguvu iliyokishinda. Kama kufikia sentensi ya tatu hatujaijua nguvu hiyo, ahadi imevunjwa, na mwalimu hana haja ya kusema neno ila moja: kwa nini alikwenda? Dawati la *until* limeahidi mwisho wa jambo, basi na lituonyeshe kilichokoma. Dawati la *unless* lina kazi ngumu kuliko yote, maana neno hilo lina kitisho na tumaini kwa pamoja. Lakini mwalimu mwenye busara huwakumbusha hadithi za bibi zao, za sultani asiyemwoza binti yake ila kwa atakayeleta kitu kisichopatikana, na ghafula watoto hutambua kwamba wamelijua neno hilo tangu walipokuwa wakisikiliza kando ya moto. Hapo utungaji umeanza, na hapana aliyeambiwa kwamba anatunga.

Yako mafunzo mengine ambayo siyapendi, na sioni sababu ya kuficha. Ni yale ya kumpa mwanafunzi orodha ya maneno mazito, *moreover, furthermore, nevertheless*, na kumwambia ayahifadhi na kuyatapanya katika insha ili msahihishaji apendezwe. Matokeo yake ni *moreover* isiyo na kitu cha kuongezewa, na *nevertheless* isiyo na kilichopingwa. Katika mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, na mshonaji hakuzipitisha kamba zile kwa ajili ya kupendeza macho. Alizipitisha palipokutana ubao na ubao, akazikaza kwa kadiri ya nguvu ya maji yatakayozijaribu. Mwanafunzi aliyefunzwa pambo kabla ya mshono atadhurika kwa miaka mingi, maana atadhani kwamba fikira huwapo mara neno linapokuwapo.

Kosa jingine ni jepesi zaidi, nalo lataka huruma. Mtoto huandika *although* mwanzoni na *but* katikati, na Kiingereza hukataa. Kiswahili chake kinamruhusu kusema *ingawa* na baadaye *lakini*, nayo huleta uzuri, kwani upande wa pili wa mizani hupewa alama yake. Mwalimu amwambie hivyo waziwazi: lugha hii hutaka alama moja, yetu hukubali mbili. Dakika mbili zatosha, na aibu haina nafasi.

Shaaban Robert, alipotoa *Kielezo cha Insha* mwaka 1954, alionyesha kwa tendo lake hilo kwamba kutunga ni jambo la kufunzika, na sentensi zake ndefu zisingalisimama hata mstari mmoja bila ya viunganishi vilivyopimwa. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alikijua Kiingereza skuli, Kiswahili kikiwa ndicho lugha ya kwao, akatunga riwaya kwa lugha hiyo ya skuli hata akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Simtaji kwa kuwa kila mtoto wa kidato cha kwanza atafika huko. Namtaja kwa kuwa njia ya kutoka lugha ya nyumbani hadi sanaa ya lugha ya pili imekwisha kutembewa na mtu wa kwetu.

Imesalia daraja moja ya juu. Wanazuoni wa balagha ya Kiarabu waliweka mlango mzima wa faslu na waslu, yaani kujua wapi pa kuachanisha na wapi pa kuunganisha, na Abd al-Qahir al-Jurjani, katika karne ya 11, aliuhesabu kuwa miongoni mwa siri nzito za usemi. Baba alirudi. Mama alizima taa. Anayeziacha sentensi hizi bila ya kiunganishi anamwachia msomaji atafute mwenyewe kama ni *because*, au *so*, au *before*, na upo wakati ambapo kumwachia hivyo ni bora kuliko kumwambia. Lakini somo hili halifai kutangulia. Mahali pake ni kidato cha tatu au cha nne, baada ya mazoezi mengi ya kuunganisha. Na hapo mwalimu huwarudishia wanafunzi insha zao wenyewe za mwaka uliopita, akawataka wafute kila kiunganishi kinachoweza kuondoka pasipo maana kupungua, na kwa kila kilichobaki wasimame na kueleza, kwa Kiingereza chao wenyewe, kwa nini hakikuweza kuondoka.