Mngurumo wa Mbwa Hausemi Hasira Peke Yake

Mbwa akinguruma, wengi huhitimisha kwamba amekasirika, basi. Jaribio la Tamás Faragó na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, lililochapishwa mwaka 2010, linatudai tusikilize kwa makini zaidi. Ugumu wa utafiti kama huo ni kwamba mbwa hangurumi kwa koo tu: masikio, mkia na midomo husema wakati uleule, hata usijue mwenzake amejibu sauti au umbo. Watafiti wakautenga mwili. Walirekodi mingurumo ya mbwa anayelinda mfupa dhidi ya mwenzake, ya anayetishwa na mtu mgeni, na ya anayecheza kuvutana na binadamu. Kisha mbwa mwingine akaachwa aukaribie mfupa, na spika iliyofichwa hapo jirani ikanguruma. Mngurumo wa kulinda chakula uliwarudisha nyuma mbwa wengi kuliko ile mingine miwili.

Mtu atasema walikimbia ukali tu. Lakini mngurumo wa kumtisha mgeni nao ni mkali, na kwa uzito wa sauti unakaribiana sana na ule wa chakula. Ni wa mchezo ndio ulio mfupi na wa kurudiwa harakaharaka. Ukali ungekuwa ndiyo sababu, yote miwili ingewarudisha sawasawa, na haikuwa hivyo. Mbwa walisikia kitu mahususi: mfupa huu una mwenyewe. Ndiyo maana napinga vikali desturi ya kumchapa mbwa kila angurumapo. Anaweza kujifunza kunyamaza bila kuacha kulinda, na hapo atauma bila kuonya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtaani hakuna spika iliyofichwa, na sikio la binadamu si la mbwa. Ni kweli. Katika utafiti wa baadaye wa Faragó na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, watu walitambua sawasawa takriban asilimia 63 ya mingurumo. Wa mchezo waliupata vizuri, ila ile miwili mikali waliichanganya. Kwa hiyo sisi, tofauti na mbwa wa Budapest, tunauhitaji ule mwili uliotengwa. Mbwa anayelinda chakula huganda ghafla, hukaza shingo, huinamisha kichwa juu ya bakuli na kukutazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho uonekane, mara nyingi kabla hata hajanguruma.