Mahali Umeme Ulipokatikia

Pikipiki kubwa ikizimika ghafla barabarani, kila anayesimama kusaidia huja na jibu lake tayari. Mmoja atasema betri, mwingine fyuzi, wa tatu atainama na kuanza kutikisa nyaya. Fundi hodari wa umeme utamtambua kwa kuchelewa kwake kusema. Anauliza kwanza, anaangalia, na mikono yake inabaki nyuma ya mgongo kwa muda ambao mwenye chombo anauona mrefu.

Nakuru ina mafundi wa namna hiyo, na sababu yake ni malori. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita katikati ya mji, na huko mbele, Mau Summit, ndiko inakogawanyika: huku Eldoret na Malaba, huku Kericho na Kisumu. Trela likipoteza taa za breki usiku kwenye mteremko ule wa Salgaa, watu hufa. Kwa hiyo kumekuwa na kizazi baada ya kizazi cha vijana waliojifunza kazi wakiwa wamelala chini ya Mercedes za mizigo, tochi mdomoni, wakifuata waya mmoja kutoka kwenye kabini hadi nyuma kabisa. Kisha zikaja bodaboda, na wale wale wakajifunza waya za Boxer na TVS. Fundi ninayeandika habari zake ana kibanda upande wa viwandani, na mbele yake siku yoyote utakuta lori moja na bodaboda nne au tano zikisubiri.

Mtu anaweza kudhani kwamba mikono hiyo haina la kufanya na BMW R100RT, pikipiki ya safari ndefu iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1978, injini ya sentimita za ujazo 980 yenye silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia. Kumbe hapo ndipo lori linapomsaidia. Wajerumani huzitaja nyaya za vyombo vyao kwa namba, na namba ni zile zile kwenye lori na kwenye pikipiki. 30 ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, usiozimwa na swichi. 15 ni ule unaopatikana baada ya kufungua ufunguo. 50 ni wa stata. 31 ni hasi, njia ya kurudi nyumbani, na waya wake ni wa kahawia. Kwenye Honda hasi ni ya kijani, Yamaha ni nyeusi, Suzuki ni nyeusi yenye mstari mweupe, Kawasaki ni nyeusi yenye mstari wa manjano. Fundi huyu anazisema rangi hizo bila kusita, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

R100RT yenyewe ilikuwa ya rafiki yangu, mwalimu mstaafu. Tulikuwa tunatoka Naivasha, yeye mbele, mimi nyuma na gari. Tulipita Gilgil, na kabla ya kufika Kikopey kila kitu kikafa kwa pamoja: injini, taa, honi, vimulimuli. Akajiburuta hadi pembeni. Dakika chache baadaye, akiwa bado anahangaika na kamba za mzigo, taa ya mbele ikawaka yenyewe. Akapiga stata, ikaitika. Akafika Nakuru polepole, na pale langoni kwa fundi ikazimika tena.

"Mwalimu," fundi akauliza baada ya salamu, "nani aliigusa mara ya mwisho, na aligusa nini?"

Mwalimu akajibu kwamba haijaguswa umeme wake miaka mingi. Ilibadilishwa waya wa spidomita tu, wiki iliyopita, mahali fulani. Fundi akaitikia kwa kichwa na hakusema neno.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya kukaa tu na kufikiri. Fyuzi ikiungua haijifufui, na hii ilijifufua. Koili ikifa, injini inazima lakini taa zinabaki. Vitu vyote vikifa kwa mpigo mmoja, basi kilichokatika kiko pale ambapo njia zote bado ni moja, kabla hazijagawanyika. Hapo panabaki sehemu chache: vichwa vya betri, waya mnene wa chanya, waya mwekundu unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo, swichi yenyewe, na hasi kubwa. Mtu mwenye haraka angeanza na swichi, maana kwenye pikipiki za umri huo huchakaa, na angelazimika kufungua taa ya mbele na kutoa rundo la nyaya ambazo plastiki yake imekauka kwa miaka. Ukizikunja tu, umejitengenezea hitilafu tatu mpya.

Yeye akatazama saa. R100RT ina saa ya mishale kwenye kava kubwa la mbele, karibu na kipimo cha volti. Akatoa simu, akalinganisha. Saa ya pikipiki ilikuwa nyuma kwa dakika saba hivi.

"Hii saa huwa unairekebisha?"

"Kila asubuhi, na taarifa ya habari."

Na mimi nilichelewa kuelewa kwa nini alitabasamu. Saa ile inakula umeme wa 30, ule usiopita kwenye swichi; ndiyo sababu inatembea hata pikipiki ikiwa imefungwa usiku kucha. Kama swichi ndiyo ingekuwa mbovu, saa isingejua lolote, ingeendelea kutembea. Kuchelewa kwake kulimwambia kwamba umeme ulikatika nje ya swichi, na kulimwambia hata kwa muda gani. Swichi ikaondoka kwenye orodha bila skrubu moja kufunguliwa. Nimeona watu wakitumia mashine za bei kubwa kujua machache kuliko hayo.

Ndipo akatoa vifaa. Vilikuwa viwili: mita ya kawaida ya kidijitali, na taa aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya kimulimuli ya wati 21, nyaya mbili na vibanio. Taa ile anaiamini kuliko mita, na ana sababu. Mita inaonja umeme tu, haiuli. Waya mnene uliokatika ndani ukabaki uzi mmoja utaipa mita volti 12 kamili na mita itakwambia hakuna tatizo; ni daraja lililobakiwa na ubao mmoja, mtu atavuka na lori halitavuka. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea mbili. Njia ikiwa mbovu, inafifia mbele ya macho yako. Ukitaka kupima njia kwa mita, basi pitisha mzigo kwanza: washa taa kubwa, kisha uitafute volti inapopotelea.

Akawasha taa kubwa. Kwenye betri, kichwa kwa kichwa, mita ikasema 12.5. Betri ni nzima. Kisha akaweka ncha nyeusi juu ya kichwa cha hasi cha betri, na ncha nyekundu akaikwaruzia kwenye pezi la silinda mpaka ikashika chuma kitupu. Pale panatakiwa pasomeke karibu na sifuri, maana injini yote ni hasi. Mita ikasoma volti 4 na ushei, namba zikichezacheza.

Hivyo sasa tatizo lilikuwa kwenye njia ya kurudi, na njia hiyo ina urefu wa waya mmoja tu. Akaisogeza ncha nyekundu hatua moja: kutoka kwenye silinda hadi kwenye pete ya shaba iliyo mwisho wa waya mnene wa hasi. Sifuri. Waya ni mzima. Kutoka pete hadi chuma cha giaboksi, upana wa ukucha: volti 4. Zote zilipotelea hapo, kati ya pete na chuma kinachoigusa.

Kwenye pikipiki hizi za BMW pete hiyo inabanwa na boliti ile ile inayoshika waya wa spidomita kwenye giaboksi. Aliyebadilisha waya wiki ile aliifungua, akairudisha bila kusafisha, na bila kuikaza sawasawa. Simlaumu sana kwa kutokaza. Boliti ile ina tundu katikati, giaboksi hupumulia hapo, na mtu akiikaza kwa nguvu za boliti ya kawaida huikata. Lakini chini ya pete kulikuwa na utando wa mafuta na vumbi jeupe, na lami ya karibu na Kikopey ilipotikisa, pete ikanyanyuka.

Fundi akaondoa pete, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama mpya, akasugua na chuma cha giaboksi duara la ukubwa wa shilingi, akapaka grisi nyembamba, akairudisha na kuikaza kwa spana fupi, vidole viwili tu vikivuta. Mita: sehemu za volti zisizofika 0.1.

Hapo wengi wangefunga kazi. Yeye alijua kwamba betri ikitengana na altaneta injini ikiwa inazunguka, volti hupanda ghafla na dayodi huweza kufa. Akapiga stata, akapandisha mizunguko, mita ikapanda hadi kama 14. Akakinga viganja juu ya taa ndogo nyekundu ya chaji kutafuta mwanga hafifu, maana dayodi moja ikifa taa ile haizimi kabisa, ila juani huioni. Ilikuwa giza totoro.

Taa hiyo ndogo inastahili heshima. Umeme wa kuiamsha rota ya altaneta unapitia ndani yake. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kulala safari nzima bila kuchaji. Na rota yenyewe ikikatika, balbu haiwaki unapofungua ufunguo. Alipoeleza hayo Mwalimu akakumbuka kwamba mwezi wa pili, kwenye joto la Baringo, aliwahi kufungua ufunguo na taa nyekundu isiwake, kisha jioni ikawaka.

Bei ilileta mabishano kidogo, kwa kuwa hakuna kipuri kilichouzwa. Mimi ninasema kazi hii ndiyo ya kulipiwa kuliko zote. Betri mpya angeuziwa na yeyote, na kesho yake ingezimika tena. Mwalimu akalipa yote, naye fundi akampa sharti. Rota yenye dalili kama ile ya Baringo hupima vizuri ikiwa baridi na hukatika ikiwa moto, waya wake mwembamba ukitanuka. Kwa hiyo ateremke hadi Marigat, chini ya Nakuru kwa mita zaidi ya 700, mchana, arudi bila kusimama kunywa chai, na aje moja kwa moja kibandani. Hapo fundi ataondoa hasi ya betri kwanza, maana nyuma ya kava la mbele kuna umeme usiolala na kava likiugusa dayodi zinaungua, kisha atapima ukinzani wa rota ingali ya moto. Ikisoma omu chache, kati ya 3 na 7, Mwalimu aende kwa amani. Isiposoma kitu, waagize nyingine kabla ya msimu wa mvua.