Ilungu: ukuta uliofanya kazi ya mivukuto

Anayetaka kulielewa ilungu, tanuri la Wafipa wa Rukwa, Tanzania, la kutolea chuma katika mawe, aanze na kimo chake. Lilifika mita tatu hivi, pana kitakoni, likipungua kuelekea juu na kuachwa wazi kileleni. Kwingi Afrika Mashariki tanuri lilikuwa fupi, na watu waliketi kando yake wakivukuta kwa zamu. Mafundi wa Ufipa, kuanzia Nkansi hadi Lyangalile iliko Laela, walikata shauri jingine: kazi ya kuvuta hewa waliukabidhi ukuta.

Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikishatoka juu, hewa baridi huingia chini kushika nafasi yake, na mnara ukiwa mrefu mvuto huzidi. Ndivyo kioo cha taa ya chemli kinavyousaidia utambi kuwaka vizuri. Basi kitako cha ilungu kilizungushiwa matundu yapatayo kumi, yakapachikwa mabomba ya udongo ya kufikisha hewa ndani ya moto.

Ukuta ulijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa wameshauchambua: ni laini, unanata, na unastahimili joto. Ndiyo maana kichuguu kilisaidia kuamua mahali pa kujenga, pamoja na miti ya mkaa na mawe yenye chuma. Mafundi walitia pia dawa, wakalitendea tanuri kama bibi harusi. Mila hizo zilikwenda sambamba na ufundi.

Tanuri lilishindiliwa mkaa na mawe, likaachwa liwake siku kadhaa. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoyanyang'anya mawe oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Ilungu halikuhitaji kufika huko. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma, na chuma chenyewe kikabaki bonge lenye vitundu.

Hapo ndipo gharama ya usanifu huu ilipojitokeza. Mvuto wa ukuta uliokoa nguvu za watu, lakini ulikula mkaa mwingi, na fundi hakuweza kuuongeza mvuto huo wala kuupunguza kwa haraka. Bonge lilitoka na uchafu tele. Kwa hiyo likajengwa tanuri la pili, kintengwe, dogo lisilofika kiunoni. Humo mivukuto ilirudi kazini, kwa kuwa kusafisha chuma kunataka moto unaomtii fundi. Baada ya hapo nyundo ilifua jembe.

Si Wafipa peke yao walioacha kazi iamue umbo la jengo: katika karne ya 19, Uingereza ya Malkia Victoria ilijenga vibanda vya kuongozea treni kwa mantiki kama hiyo, yaani chumba cha juu chenye madirisha mapana ili mwongozaji aione reli, na chini yake vyuma vilivyozuia ishara zisipingane. Kote kuwili kazi ndiyo iliyochora jengo. Tofauti ni kwamba vibanda vile vina michoro iliyohifadhiwa.

Majembe ya kiwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, malungu, yaani matanuri hayo, yalizimika. R. C. Greig aliandika kuyahusu katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na watafiti wengine wakafuata. Magofu yaliyosalia Ufipa ni udongo mtupu, na kila masika huyamega. Halmashauri na shule za Rukwa ziyapime, ziyachore na kuyaezeka sasa, kabla hayajarudi kuwa kichuguu.