Kofia ya Lumbesa Ina Ujazo Gani?

Ukipanda kutoka Lushoto mjini kupitia Magamba, ukauacha msitu nyuma, unaingia nchi ya kabichi, karoti na viazi. Malindi iko huku juu kwenye ubaridi, katika ujirani mmoja na Lukozi na Shume, na mazao yake hushuka mlimani yakiwa kwenye magunia, matenga na masanduku ya mbao. Mtoto wa hapa anafika Darasa la Tano akiwa amekwisha kubeba, kufunga na kupanga maumbo mengi ya vipimo vitatu kuliko aliyeandika kitabu chake. Halafu somo linaanza kwa chaki.

Mwalimu anachora miraba miwili, mmoja umepanda kidogo juu ya mwingine, anaunganisha kona kwa mistari minne na kutangaza kwamba huu ni mchemraba, una nyuso sita, zote miraba. Mwanafunzi anayetazama kwa makini anaona miraba miwili na misambamba minne. Macho yake hayana kosa. Mchoro wa namna ile unaeleweka kwa mtu ambaye umbo lenyewe ameshalizoea mikononi. Kwa asiyelizoea ni mistari iliyopishana tu.

Mwaka 1957 huko Utrecht, Uholanzi, walimu wawili wa sekondari waliokuwa mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliwasilisha tasnifu zao za udaktari kuhusu jambo hili. Walieleza kwamba fikra za jiometri hukua kwa ngazi: mtoto kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima, baadaye huziona sifa zake mojamoja, baadaye tena hutambua jinsi sifa moja inavyozaa nyingine. Ngazi hairukwi. Tunapomkaririsha mtoto "nyuso 6, kingo 12, kona 8" tunampa maneno ya ngazi ya pili kabla hajashika kitu cha ngazi ya kwanza, na ndiyo maana baada ya likizo idadi hizo huwa zimeshachanganyikana.

Mimi ningeanza na kisu. Kila kikundi kipewe boksi tupu la chai au la sabuni, vifuniko vyake vimeshabandikwa ili kila uso uwe mmoja. Sharti ni hili: likatwe kwa kufuata kingo mpaka lilale bapa juu ya meza, lakini libaki kipande kimoja. Kila kikundi kitakuja na bapa lake. Kwa mchemraba kamili yapo mabapa 11 yaliyo tofauti, na kuyasaka yote ni kazi ya kipindi kizima. Swali lenye uzito, hata hivyo, ni jingine: mmekata kingo ngapi? Vikundi vyote vitajibu 7, wawe wamekata kwa mpango au kwa kubahatisha.

Hapo ndipo mwalimu asimame, asikimbilie ukurasa unaofuata. Kona ambayo kisu hakikuigusa haiwezi kulala, kwa sababu nyuso tatu zinazokutana pale zinabaki zimeinuka. Kwa hiyo mkato lazima ufike kona zote 8. Lakini mkato hauwezi kuzunguka na kurudi ulikoanzia, maana ukizunguka kuna kipande kitadondoka. Wala hauwezi kuwa mikato miwili isiyogusana, kwani kati yake utabaki mkanda wa nyuso uliojifunga, nao hautalala. Sasa tuhesabu. Ukingo wa kwanza uliokatwa unafikia kona 2, na kila ukingo unaoongezwa unafikia kona moja mpya. Kona 8 zinataka mikato 7.

Zilizobaki ni kingo za kukunja. Kunjo la kwanza linashika nyuso 2, na kila kunjo linaloongezwa linashika uso mmoja zaidi, hivyo nyuso 6 zinataka makunjo 5. Saba na tano ni kumi na mbili, na kingo zote 12 zimepatikana bila mtu kukariri. Ukitoa 1 kwenye idadi ya kona, ukatoa 1 kwenye idadi ya nyuso, ukajumlisha majibu mawili, unapata idadi ya kingo. Leonhard Euler alimwandikia rafiki yake Christian Goldbach juu ya uhusiano huu mwaka 1750. Karl von Staudt wa Ujerumani aliuthibitisha mwaka 1847 kwa njia ambayo, ukiivua lugha yake ya kitaalamu, ndiyo hii ya kisu na boksi.

Wajaribu na piramidi yenye kitako cha mraba: kona 5, nyuso 5, mikato 4, makunjo 4, kingo 8. Wakenya waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 watakumbuka maziwa ya Nyayo, ile pakiti yenye kona nne ambayo haikujua kusimama wima. Mikato 3, makunjo 3, kingo 6.

Kisha mtoto mmoja ataleta kopo, na kanuni itamgomea, kwa sababu mche duara una uso uliopinda na mviringo mzima usio na kona. Vizuri. Ni wakati wa kuacha kukata na kuanza kujaza.

Gunia la viazi likijazwa ni mche duara, si kamili, lakini unatosha kwa hesabu. Tuchukue gunia ambalo likilazwa tupu lina upana wa sentimita 66. Lina pande mbili, kwa hiyo likijaa mzingo wake ni sentimita 132, na kwa 22/7 kipenyo chake ni 42, nusu kipenyo 21. Eneo la kitako ni sentimita za mraba 1,386. Likisimama kwa kimo cha sentimita 90, ujazo wake ni sentimita za ujazo 124,740, karibu lita 125. Viazi huacha nafasi katikati yao, hivyo lita moja ya gunia hubeba kilo 0.65 hivi. Tunapata kilo 81.

Sasa ije lumbesa. Mdomo haufungwi, unaongezewa kipande cha gunia au wavu wa kamba, viazi vinarundikwa juu ya usawa wa mdomo, kisha kofia inashonwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wanaoisimamia wanataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100 na mauzo yafanywe kwa mizani. Mkulima analipwa kwa gunia moja. Kofia hiyo imebeba nini?

Kama imechongoka, ni pia. Watoto watengeneze pia na mche duara kwa karatasi ya manila, vitako sawa na vimo sawa, wachote mchanga mkavu. (Maharage hayafai, yanaacha nafasi na hesabu inakataa.) Pia tatu zitajaza mche mmoja. Basi kofia iliyochongoka yenye kimo cha sentimita 42 ni theluthi moja ya 1,386 mara 42, yaani sentimita za ujazo 19,404. Kama kofia imeviringana, ni nusu tufe yenye kimo cha 21 tu. Theluthi mbili ya 1,386 mara 21: 19,404 tena. Kofia moja ni ndefu mara mbili ya mwenzake, na zote mbili zimebeba lita 19 na ushei. Mnunuzi anayekubali "kupunguza urefu" huku akinenepesha mabega hajapunguza hata kiazi kimoja. Uhusiano huu wa pia, tufe na mche ni wa Archimedes wa Sirakusa, aliyeupenda kiasi kwamba tufe na mche viliwekwa kwenye kaburi lake, na Cicero alilitambua kwa alama hiyo mwaka 75 kabla ya Kristo.

Katika muhtasari wa Hisabati wa sekondari wa mwaka 2005, maumbo ya vipimo vitatu yaliwekwa Kidato cha Nne. Mtoto aliyeishia Darasa la Saba na kwenda shambani alikuwa na hesabu ya gunia, lakini hakuwa na ya kofia, na kofia ndiyo mahali anapoibiwa. Kwa mchanga na manila angeweza kuipata akiwa msingi, fomula zingekuja baadaye.

Ila kofia inasingiziwa kidogo. Lita 19 ni kilo 13 hivi. Ukijumlisha na 81 unapata 94, bado chini ya 100. Turudi kwenye tumbo. Gunia la nyuzi za plastiki likishindiliwa hutanuka. Tuseme mzingo umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi, kutoka 132 hadi 145, kimo kikabaki kilekile. Nusu kipenyo kinaongezeka kwa kiasi hichohicho, lakini eneo la kitako linafuata kipeo cha pili cha 1.1, ambacho ni 1.21. Tumbo linafika lita 151. Ongezeko hilo ni lita 26, kubwa kuliko kofia nzima, na hakuna aliyeliona kwa sababu gunia halikurefuka. Kofia nayo, ikiwa ni nusu tufe, inakua kwa 1.331 na kufika lita 26 hivi. Piga jumla: lita 177, kilo 115. Utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ukizungushwa kiunoni mwa gunia kabla halijapakiwa, ungeonyesha sentimita hizo 13.